Umehamia mtaa mpya Dar? Anza na majirani

Wiki ya kwanza usiishie kupanga makochi tu, toka ukapige hodi kwa majirani wa kulia na kushoto, sema jina lako basi inatosha, zawadi sio lazima. Halafu pita kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wakufahamu, maana siku ukitaka barua ya utambulisho ya benki au ya kitambulisho cha NIDA ndo utaulizwa nani anakujua hapa.

Kama mnashea LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ongeeni mapema kabisa!! Mwenye friji na pasi hawezi kuchanga sawa na mwenye taa mbili na chaja ya simu, mkubaliane, muandike kwenye grupu, na anayenunua atume meseji yenye zile namba 20 za tokeni kila mtu aone, hapo ugomvi mwingi unaisha.

Msiba ukitokea nenda, hata kama huna hela ya rambirambi we nenda tu, saidia kufunga turubai na kupanga viti, kwangu mimi hili ni kubwa kuliko yote.

Na kwenye simu seivu namba ya jirani pamoja na 114 ya zimamoto, moto ukiwaka usiku jirani ndo anawahi kufika.