Krismasi wakati wa janga: jinsi ya kumtuliza mtoto bila kumdanganya

Mtoto wa miaka sita akiuliza, "Krismasi itakuwepo?", mara nyingi tarehe 25 siyo inayomsumbua. Anataka kujua kama mtapanda basi kwenda ushago, yaani kijijini, kama chapati zitapikwa, kama atanunuliwa nguo mpya. Basi kabla ya kumjibu, muulize na wewe: "Ukifikiria Krismasi, unaona nini?" Kisha nyamaza umwache afikirie. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kitu cha kulinda. Wazazi wengi huhangaika kutafuta hela za zawadi, kumbe mtoto analilia kulala mkeka mmoja na binamu zake.

Ukishasikia, chukua karatasi uigawe sehemu tatu: Yapo, Yamebadilika, Yanasubiri. Anza na Yapo, na usiguse sehemu nyingine mpaka umepata vitu vitano. Chukulia familia ya Nairobi mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Wanafunzi wengi walikuwa nyumbani tangu Machi, na kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri ilikuwa imeongezwa mpaka tarehe 3 Januari. Hata hivyo bado kulikuwa na chapati, tawi la mti lenye vipande vya pamba, nyimbo, sala ya familia, na soda kwenye meza. Hayo ni matano. Misa ya mkesha iliingia kwenye Yamebadilika, safari ya ushago kwenye Yanasubiri. Mtoto aandike mwenyewe, au achore kama hajajua kuandika, kisha karatasi ibandikwe ukutani usawa wa macho yake, siyo ya kwako.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mzazi kuanza na orodha ya vilivyofutwa. Mtoto akishaanza kulia, hasikii tena kilichobaki. Ya pili ni neno "tutaona". Mtu mzima akisema "tutaona" anamaanisha pengine hapana, lakini mtoto anasikia ndiyo. Kila jambo liwe na sehemu yake kwenye karatasi.

Hapa ndipo penye uzito wote wa kazi hii: usiahidi kitu kisichokuwa mkononi mwako. Uingereza, familia zilikuwa zimeambiwa zingeweza kukutana kwa siku tano za Krismasi ya 2020, nyumba tatu pamoja. Tarehe 19 Desemba serikali ikaweka masharti makali mapya, na watu wa London wakakatazwa kukutana ndani na watu wa nyumba nyingine, siku sita kabla ya sikukuu. Mambo huweza pia kugeuka upande wa pili. Wilaya za Mubende na Kassanda nchini Uganda zilifungwa katikati ya Oktoba 2022 kwa sababu ya Ebola, zikafunguliwa tarehe 17 Desemba, wiki moja tu kabla ya sikukuu. Kwa hiyo mweleze mtoto njia zote mbili kwa pumzi moja: "Tukiruhusiwa kusafiri na watu wote wakiwa wazima, tutakwenda kwa nyanya. Tusiporuhusiwa, tutampigia asubuhi na kupika naye." Njia ya pili iwe imepangwa kweli, na muda wake uwe unajulikana.

Maneno yenyewe yafuate umri. Kwa wa miaka mitatu hadi mitano, sentensi mbili zinatosha: "Kuna ugonjwa unaoenea watu wakikaribiana. Krismasi hii sisi tunakula hapa, nyanya anakula kwake." Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Mjibu kwa maneno yaleyale, kwa sababu ukiyabadilisha ataona kuna jambo unalomficha. Kuanzia miaka sita anataka sababu, na anataka kazi ya kufanya. Wa miaka kumi na kuendelea mwambie ukweli wote, hata wa pesa. "Mwaka huu kazi ilisimama, kwa hiyo tutanunua nguo moja moja" ni jibu la heshima, nalo halimtishi kama kimya cha wazazi wanaonong'ona chumbani.

Kuna sentensi moja isitoke kinywani mwa mtu mzima yeyote: "Ukienda utamuua nyanya." Wapo watoto waliobeba maneno hayo miezi mingi, na nyanya alipougua kwa sababu nyingine kabisa, wakaamini wao ndio waliomletea ugonjwa. Sema hivi: "Sisi watu wazima ndio tunaomlinda nyanya. Kazi yako ni kunawa mikono na kumchorea picha." Mzigo ukae kwenye mabega yanayouweza.

Nyumba zenye desturi ya Baba Krismasi zina swali lao: atapitaje wakati watu wamezuiwa? Swali hilo liliwafikia hata wakubwa. Katikati ya Desemba 2020, Maria Van Kerkhove wa Shirika la Afya Duniani aliulizwa mbele ya waandishi wa habari, akajibu kwamba Baba Krismasi ana kinga dhidi ya kirusi cha korona, ila watoto wakae mbali naye. Ireland, waziri wa mambo ya nje Simon Coveney aliwahakikishia watoto bungeni kwamba mzee huyo hatawekwa karantini. Majibu hayo yalituliza kwa kuwa yalijibu kikwazo chenyewe ambacho mtoto alikuwa amekiona. Na wewe fanya hivyo: akiuliza kuhusu barakoa, jibu kuhusu barakoa. Ongeza jambo moja tu, kwamba kinga hiyo ni ya mzee yule peke yake. Mtoto mdogo anaweza kuhitimisha kwamba wazee wote wenye ndevu nyeupe hawaugui, akamkimbilia babu yake kumkumbatia.

Kuhusu ibada, mtoto aliyezoea mkesha anaweza kudhani Krismasi isiyo na usiku wa manane si Krismasi. Mweleze kwamba mwaka 2020 hata Papa Fransisko aliisogeza misa ya mkesha kule Vatikani, kutoka saa tatu na nusu usiku hadi saa moja na nusu, kwa sababu Italia nayo ilikuwa na kafyu. Nyimbo ziimbwe, lakini nje, uani au kwenye baraza, kwa sababu anayeimba hutoa pumzi nyingi na kwa nguvu. Machi 2020 katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61, akiwemo mgonjwa mmoja wa korona, walifanya mazoezi ya kwaya ndani ya ukumbi, na baadaye ikahesabiwa kwamba 53 waliugua, yeye akiwa mmoja wao.

Sasa kupika na nyanya kwa simu, jambo ambalo likipangwa vizuri huziba pengo kuliko zawadi yoyote. Watu wengi hupiga simu ya video wakiwa wamejipanga kwenye kochi, kila mtu anasema "Hamjambo!" kwa wakati mmoja, mtoto anaona haya, na dakika tatu baadaye yamekwisha. Mtoto huongea mikono yake ikiwa na kazi. Mpe chapati.

Kilo moja ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha chakula cha sukari, vinne vya chakula vya mafuta, na maji ya vuguvugu kama mililita 600, yakiingia kidogo kidogo. Kanda dakika 10 hadi 15 mpaka unga uache kushika bakuli, funika kwa kitambaa chenye unyevu, uache upumzike nusu saa. Utapata madonge 12 hadi 14. Usipige simu wakati wa kukanda, maana kuna kelele na mikono yote imejaa unga. Piga madonge yakiwa tayari na kikaango hakijaguswa na moto. Simu iegemee mkebe wa sukari, mbali na mvuke, ikiangalia kibao na uso wa mtoto. Yeye asukume, nyanya amwelekeze: zungusha, nyunyiza unga, pande zote ziwe sawa. Chapati yenye umbo la ramani ipikwe hivyohivyo, na yeye aile ya kwanza. Zikitoka ngumu kama ngozi, ama donge halikupumzika, ama moto ulikuwa mdogo ukazikausha kabla hazijaiva.

Mwandalie mtoto maswali matatu ya kumuuliza nyanya, kama "Ulipokuwa mdogo mlikula nini siku ya Krismasi?" Dakika 15 hadi 20 zatosha, maliza kabla hajachoka, na kila simu iishe kwa wimbo au sala ileile. Nunua bando tarehe 24, ujaribu simu siku hiyohiyo na kijana wa huko anayejua kuitumia, kwa sababu asubuhi ya sikukuu mtandao hulemewa. Kama nyanya ana kabambe tu, simu ndogo isiyo na video, weka spika na umwache mtoto amsimulie anachofanya mkononi.

Ikiwa janga limemchukua mtu wa nyumbani, usimwambie mtoto "amelala" wala "amesafiri". Akiambiwa la kwanza ataogopa kulala, akiambiwa la pili atakaa mlangoni akimngoja. Sema amekufa, na kwamba hatarudi, kisha umwulize angependa mfanye nini mezani: picha yake, mshumaa, au chakula alichokipenda. Akikataa, mwache, anaweza kubadilisha mawazo jioni. Mtoto akianza tena kukojoa kitandani, akilalamika tumbo kila siku au akikataa kulala peke yake kwa zaidi ya wiki mbili, tafuta msaada. Namba 116, ya simu ya huduma kwa watoto, hupigwa bila malipo Kenya, Tanzania na Uganda, na mzazi pia anaweza kuipiga.