Baiskeli ya mlimani isiyo na jina: itambue kwanza, ndipo uifufue

Umepata baiskeli ya giya ya mtumba, stika zimechunika na rangi imepakwa juu ya rangi? Msasa uweke kando kwanza. Alama utakayoifuta leo ndiyo utakayoitafuta kesho ukiwa dukani Kariakoo. Anza na kitambaa na maji ya sabuni.

Igeuze juu chini. Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini ya bomba la krenki (linalobeba ekseli ya pedeli). Ipige picha, lakini usiitegemee peke yake, maana kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake wa namba. Vipuri husema zaidi. Vya Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, vya kuanzia 1976 hadi 2001 hubeba herufi mbili ndogo, kwa mfano nyuma ya mkono wa krenki. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, hivyo hivyo hadi Z, 2001. Ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. Kwa hiyo PD ni Aprili 1991. Soma vipuri vitatu au zaidi, kwani kimoja huenda kilibadilishwa. Breki za V (zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu), kwa mfano, zilienea kuanzia 1996. Ukizikuta kwenye baiskeli ya PD, ujue zimefungwa baadaye.

Stika ya polisi yenye maandishi ya Kijapani ni ya usajili wa kuzuia wizi. Inakuonyesha baiskeli ilikotumika, si ilikotengenezwa. Japani breki ya mbele huwa mkono wa kulia, basi ijaribu uwanjani kabla hujaingia barabarani.

Pesa nyingi hupotea kwenye tairi. 26 × 1.95 na 26 × 1 3/8 zote huitwa "ishirini na sita", ila ya kwanza, ya baiskeli za mlimani, hukaa kwenye rimu ya milimita 559 na ya pili 590. Haziingiliani hata kwa kulazimisha. Soma 559 ubavuni mwa tairi ndipo ulipe.

Kwa hapa Dar, kazi ngumu kuliko zote ni nguzo ya siti. Aluminiamu ikikaa ndani ya fremu ya chuma kwenye hewa ya chumvi, huota unga mweupe unaovimba na kuibana. Nyundo itapasua mdomo wa fremu. Toa bolti ya kubania, mimina mafuta ya kulainisha kutu mdomoni mwa bomba asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa, shika fremu nzima, uizungushe polepole huku ukivuta. Fremu yenyewe ndiyo nyenzo yako. Kichwa kitaharibika, kubali hilo. Ikitoka, soma kipimo kilichogongwa, labda milimita 26.8 au 27.2. Usikubali "inakaribia": nguzo nyembamba kwa milimita 0.4 hushuka njiani na kuutanua mdomo wa fremu. Unaporudisha, paka grisi.

Krenki: kwenye fremu nyingi, kikombe (kinachoshika gololi za ekseli) cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inavyokwenda. Mafundi wengi huharibu nyuzi hapo. Gololi ni za inchi 1/4, 11 kila upande. Haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma kwa kawaida 1/4, 9 kila upande. Ya mbele 3/16, 10. Weka mpya zote, kwa sababu ukichanganya na zilizolika, mpya hubeba mzigo peke yake. Pitisha ncha ya kalamu ndani ya kikombe: ikikwaruza, kimechimbika na gololi mpya hazitadumu.

Mnyororo, pima vipingili 24, pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8; ukifika 306.5 badilisha, ukipita 308 badilisha na giya za nyuma.

Baada ya safari fupi ya kwanza, kaza tena bolti za krenki. Mkono wa aluminiamu ukiendeshwa umelegea, tundu lake la mraba huviringika, na hapo hakuna spana itakayoushikisha tena.