Mgonjwa akitoka thieta anatetemeka: tunavyompasha joto huku Mtwara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kuzindukia, Mtwara. Ndugu wa wagonjwa huniuliza kila mara: mji huu wenye joto, baridi inatoka wapi? Inatoka thieta, yaani chumba cha upasuaji. AC inaunguruma, mgonjwa kalala karibu uchi, ngozi imepakwa dawa ya kuua vijidudu, bado imelowa. Zaidi ya hapo, dawa ya usingizi au sindano ya mgongo (ya ganzi) hulegeza mishipa, na joto lililokuwa kifuani na tumboni hukimbilia miguuni. Ndani ya saa moja tu joto la ndani laweza kushuka nyuzi 1 hadi 1.5.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kumpasha joto kunaanza kabla hajaingia. Mfunike blanketi nusu saa hivi akiwa bado anasubiri, miguu iwe ya moto. Wanaotoka Newala, kule juu kwenye baridi, hulipokea bila neno. Bibi wa Mikindani atakwambia, "Mwanangu, niondolee, natoka jasho." Mweleze kwa upole. Ndani ya thieta, omba chumba kisishuke chini ya nyuzi 21 mpaka afunikwe, na dripu zipashwe hadi 37 au 38 kwenye kifaa chake. Lita moja ya maji ya baridi hushusha joto la mtu mzima karibu robo nyuzi, na mama wa upasuaji wa uzazi anaweza kupata lita mbili. Damu usiitumbukize kwenye maji ya moto hata siku moja. Chembe zake hupasuka.

Akifika kwako, pima joto kwanza. Chini ya 36 ni baridi. Ikiwa ni 38 na damu inaingia, funga damu hiyo mara moja, acha mshipa wazi kwa maji ya chumvi, mwite daktari: kutetemeka huko ni jambo jingine kabisa, huenda mwili unaikataa damu. Huku kwetu usisahau malaria pia.

Kama ni baridi, ondoa kila shuka iliyolowa. Hapa ndipo wengi huharakisha, wakarundika blanketi tatu juu ya gauni lenye damu na dawa. Mkaushe, hata mgongoni, kisha mfunike hadi mabegani, kichwa nacho kifunikwe, soksi miguuni. Khanga kavu za ndugu zinafaa sana chini ya blanketi. Mashine ya kupuliza hewa ya moto ikiwepo, iwashe, bomba likiwa limeunganishwa kwenye blanketi lake. Usilielekeze kwenye ngozi tupu.

Nawasihi jambo moja kwa moyo wote: msiruhusu chupa ya maji ya moto miguuni. Mama mkwe ataileta kwa mapenzi, imefungwa kitenge. Mgonjwa wa sindano ya mgongo hasikii miguu yake. Ataungua huku anakushukuru.

Mpe oksijeni, maana misuli inayotetemeka huitumia maradufu na zaidi, na mwenye moyo dhaifu au upungufu wa damu hawezi kubeba mzigo huo. Kipimo cha kidoleni na cha presha navyo hudanganya wakati huo. Shika mapigo kwa mkono wako. Akiendelea kutetemeka, mtaalamu wa usingizi anaweza kuagiza pethidini, dawa kali ya maumivu inayotuliza pia mtetemeko, mara nyingi miligramu 25 kwa mtu mzima, polepole mshipani. Ukishaichoma usiondoke kitandani: hesabu pumzi. Tramadoli nayo hutuliza, ila huleta kichefuchefu.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto akiwa salama, mlaze kifuani pake ngozi kwa ngozi, wote wawili chini ya blanketi moja, na mtu awe karibu kumshika mtoto.

Pima kila dakika 15. Asiende wodini kabla ya kufika 36, hata kama wodi inapiga simu. Akienda, mwambie nesi anayempokea joto la mwisho na saa uliyopima, na feni ya juu ya kitanda hicho izimwe kwanza.