Jinsi ya kubana na kukausha jentiana ya milimani

Jentiana, mmea wa milimani wenye ua la umbo la bomba, ina tabia moja inayowaponza wengi: wingu likifunika jua au baridi ikishuka tu, ua linajifunga, na ukishaichuma ukaitumbukiza kwenye mfuko mpaka urudi kambini unakuta ua limejisokota kama mwamvuli, huoni tena cha ndani. Kwa hiyo beba mbao zako za kubania na magazeti mpaka juu kabisa, na ubane palepale jua likiwaka.

Kibali uwe nacho kabla hujapanda. Ukifika hesabu kwanza, kama mimea haifiki 20 piga picha uondoke, ikiwa mingi chukua mmoja katika kila 20. Zile za mwaka mmoja kama Gentiana nivalis zinang'olewa na mzizi wake, za kudumu mara nyingi kitawi chenye ua na majani ya chini kinatosha, maana mmea wa kule juu unakua polepole sana na ukichimba mzizi umeua.

Sasa sehemu ninayoipenda. Chukua ua moja la ziada, lipasue kwa wembe kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako, lifungue lilale bapa kama ukurasa. Utaona ncha za petali, kwa kawaida tano, na katikati ya ncha na ncha kuna kikunjo kidogo chembamba, stameni (vijiti vya chavua) nazo zimejishika ukutani mwa bomba. Hicho kikunjo usikipoteze jamani! Gentianella, jamaa yake wa karibu, hana, na yeye mara nyingi ana vinyweleo kama pindo kooni, kwa hiyo mtu atakayefungua sampuli yako miaka 100 ijayo atakitafuta hicho kwanza.

Rangi andika hapohapo, kwenye karatasi inapauka au inageuka kahawia. Na usiandike "bluu" tu, sema bluu ya wino au ya anga, koo jeupe au lina madoa ya kijani kama Gentiana acaulis. Ongeza mwinuko kwa mita, vipimo vya GPS, tarehe, aina ya udongo na mimea jirani, jina lako na namba ya sampuli, namba hiyohiyo iandikwe kwenye gazeti. Kipande cha jani kitie kwenye bahasha yenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) kwa ajili ya DNA.

Magazeti badilisha kila siku, hasa siku tatu nne za mwanzo, na pale mzizi ulipo mnene weka vipande vya sponji pembeni ili majani nayo yabanwe. Ukitumia joto lisizidi nyuzi 45 hivi, ukiharakisha ua linaungua rangi. Karatasi ya kubandikia ni kama sm 29 kwa 42 na hii mimea mingine ina sm 5 tu, kwa hiyo panga kadhaa za sehemu moja na siku moja pamoja, lile ua lililopasuliwa likae kwenye kibahasha kilichogundishwa pembeni, lebo chini kulia.

Mwisho funga kwenye plastiki, weka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima wadudu wafe, na ukitoa usifungue plastiki mpaka baridi yote iishe, la sivyo unyevu unatua juu ya sampuli na kuvu inaanza.