Somo: Kulala kwenye shamba kongwe la mizeituni, Puglia

Puglia, kusini mwa Italia, kuna mashamba ya kale yanayoitwa masseria: nyumba kubwa ya mawe, ua katikati, mizeituni pande zote. Mengi ya karibu na pwani yalijengewa kuta nene na minara karne ya 16, kwa hofu ya mashambulizi ya Waturuki kutoka baharini. Leo mengi yanapokea wageni.

Hatua ya 1: Chagua eneo. Mimi ningeanzia uwanda ulio kati ya Ostuni, Fasano na Monopoli. Mizeituni ya huko ni mikongwe mno, mashina yamejisokota na kupasuka hadi mtu anaingia ndani. Sheria ya mkoa ya 2007 inailinda.

Hatua ya 2: Tazama kibali chao. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Masseria nyingine sasa ni hoteli tu, hazilimi. Tafuta iliyosajiliwa kama agriturismo: kisheria mwenyewe lazima awe mkulima, na kilimo kibaki kazi yake kuu.

Hatua ya 3: Nenda msimu wa mavuno, Oktoba hadi Desemba. Agosti bei ziko juu na zeituni bado hazijaanza kuvunwa.

Hatua ya 4: Viza na usafiri. Maombi ya viza ya Schengen (ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari; bima ya matibabu ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Shuka Bari au Brindisi, kisha kodi gari.

Hatua ya 5: Omba uonyeshwe kinu cha zamani cha kukamulia mafuta, cha chini ya ardhi. Usiondoke bila kukiona! Vinu hivi vilichongwa ndani ya mwamba, kwa sababu joto la huko chini ya ardhi halikuyaacha mafuta yagande wakati wa baridi. Nyumbu aliyefungwa macho alizungusha jiwe la kusagia, na moshi wa taa bado umeganda darini. Mafuta mengi ya enzi hizo yalikuwa ya taa. Yalipakiwa melini bandari ya Gallipoli, yakaangaze miji ya Ulaya.

Maswali ya wanachama

*Ahsante kwa somo, dada. Nasikia mizeituni ya huko inakufa?*
Ni kweli, ndugu yangu, na inauma. Bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013, na mamilioni ya miti imekauka. Salento, upande wa kusini wa Puglia, ndiyo iliyoumia zaidi, lakini ugonjwa umeshafika hadi Ostuni na Monopoli. Wakulima wanapanda aina zinazostahimili, kama Leccino.

*Sisi hatuli nguruwe. Tutakula nini?*
Mwambieni mwenyeji mapema. Kuna uji mzito wa maharage mapana na mboga chungu ya porini, ukimiminiwa mafuta mapya. Mtaupenda.

*Nitajuaje kama mafuta ni mapya?*
Yananukia majani mabichi, na ukimeza yanawasha kooni.

*Naweza kurudi nayo Tanga?*
Nunua ya kwenye bati, yazungushie taulo, weka kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi.