Somo: Hesabu za mafumbo zenye x na y (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila mitihani ikikaribia naulizwa hilihili. Leo naliandika, kesho nawaelekeza hapa.

Daladala imebeba abiria 40. Mtu mzima analipa sh 600, mwanafunzi sh 200. Konda kakusanya sh 18,000. Wanafunzi ni wangapi?

1. Soma swali hadi mwisho.

2. Chagua herufi. Usiandike "x = watu wazima". Andika "x = idadi ya watu wazima, y = idadi ya wanafunzi". Herufi inashika nafasi ya namba, si ya mtu. Ukipuuza hilo, ngoja swali liseme "watu wazima ni mara tatu ya wanafunzi": utaona watu wazima ndio wengi, ubandike 3 kwenye x uandike 3x = y. Sahihi ni x = 3y. Jaribu kwa namba: wanafunzi 10, watu wazima 30. Je, 3 × 30 ni 10? Basi umepindua. Jaribu KABLA ya kukokotoa, maana mlinganyo uliopinduka nao unatoa jibu, tena safi: kwa abiria 40 utapata wanafunzi 30 badala ya 10, na hutashtuka.

3. Vichwa: x + y = 40. Fedha: 600x + 200y = 18,000. Usichanganye vichwa na shilingi.

4. Gawa ule wa fedha kwa 200: 3x + y = 90. Toa humo ule wa vichwa: 2x = 50. Basi x = 25, y = 15.

5. Hakiki: 15,000 + 3,000 = 18,000. Umeulizwa wanafunzi, jibu 15. Ukiishia "x = 25" hujajibu.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo x ni watu wazima?
Hatua ya 2.

– Nitumie majibu ya zoezi langu basi, nina haraka.
Hapana. Weka ulipofikia, tutaangalia.

– Mwalimu, mimi nimepata 0 = 0. Nimekosea wapi?
Huenda hukukosea kukokotoa. Milinganyo yako miwili inasema jambo moja, mfano x + y = 40 na 2x + 2y = 80. Rudi kwenye swali, kuna taarifa hujaitumia.

– Za umri zinanisumbua. "Miaka 5 iliyopita baba alikuwa na umri mara 4 ya mwanawe, sasa jumla yao ni 50."
Swali zuri. Punguza 5 kwa wote wawili, na weka mabano: b − 5 = 4(m − 5). Wengi wanampunguzia baba tu. Ukiunganisha na b + m = 50, mtoto ana 13, baba 37. Hakiki: 8 na 32.

– Mdogo wangu yuko darasa la sita, hajui x. Anaweza?
Anaweza! Mwambie achukulie wote 40 ni wanafunzi: sh 8,000. Zimepungua 10,000. Kila mtu mzima anaongeza 400, kwa hiyo wako 25. Wachina wa kale walikuwa na fumbo la namna hii, siku hizi husimuliwa kwa kuku na sungura: vichwa 35, miguu 94. Mpe hilo ajaribu.

– Sungura 12?
Na kuku 23. Sasa umemharibia mtoto.