Somo: Kupanga msako wa hazina Mji Mkongwe kwa kundi lenye watoto, vijana na wazee

Somo hili ni la mwenye kuandaa mchezo wa kusaka hazina kwa ukoo, madrasa, klabu au darasa ambalo washiriki wake hawalingani umri. Nimechukua Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa mfano kwa sababu njia zake ni fupi, karibu kila pembe ina jambo la kutazamwa, na wenyeji wake bado hukaa barazani na kuitikia salamu ya mpita njia. Waandaaji wengi huwagawa watu kwa umri: watoto kivyao, vijana kivyao, na wazee huachwa kivulini wakilinda mikoba. Mimi nashikilia kwamba mgawanyo huo unauua mchezo. Changanya marika katika kila kikundi, kisha tunga vidokezo ambavyo hakuna rika moja linaloweza kuvifumbua peke yake.

Hatua ya kwanza: ipite njia kwa miguu kabla ya kuandika chochote

Anzia Ngome Kongwe, vuka Bustani ya Forodhani, fuata ufukwe wa Mizingani hadi Zahanati ya Kale, ingia vichochoroni kuelekea Soko la Darajani, kisha urudi kwa kupitia Hamamni. Ipite njia hiyo saa ileile ambayo mchezo utachezwa, kwa kuwa kichochoro kilicho kimya asubuhi huweza kujaa pikipiki na mikokoteni ifikapo adhuhuri. Wakati mzuri ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, kabla jua halijawa kali, au baada ya sala ya alasiri. Usipange mchezo mchana wa Ijumaa, na uepuke miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei.

Unapopita, zungumza na watu. Muuza viungo, mlinzi wa lango na wazee wa barazani waelezwe mapema kwamba vikundi vitapita, wataulizwa nini, na siku gani. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kabla ya hapo na hata leo ni mahali ambapo watu wanapika, wanalala na kuzika wafu wao. Kwa hiyo kanuni tatu ziandikwe juu ya kila karatasi: mavazi ya heshima, hapana kumpiga mtu picha bila ruhusa yake, na hapana kuchukua kitu chochote mahali kilipo. Hazina yetu ni majibu, michoro na masimulizi.

Hatua ya pili: panga vikundi

Watu watano au sita wanatosha. Kila kikundi kiwe na mtoto wa miaka mitano hadi minane, kijana mmoja au wawili, mtu mzima anayebeba maji na dhamana ya usalama, na mzee mmoja. Ndugu wa tumbo moja watenganishwe ikiwezekana, kwa sababu wakikaa pamoja mkubwa humjibia mdogo.

Hatua ya tatu: tunga vidokezo

Hapa ndipo palipo na kazi, na hapa ndipo pa kutumia jioni zako. Kila kituo kiwe na kitendawili cha kukipata na kazi za kufanya baada ya kukipata. Kitendawili kinafaa kwa marika yote kwa sababu mtoto na bibi yake wote wanajua kuitikia “Tega!”, na mara nyingi mtoto ndiye anayepata jibu wakati mtu mzima bado anatafuta maana ya ndani.

Kwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, nimetunga hivi: “Nilizaliwa kwa ajili ya vita, uzeeni nachezewa ngoma.” Kijana aliyewahi kuhudhuria tamasha la muziki la Sauti za Busara, linalofanyika humo, atafahamu mara moja. Kwa hamamu ya Hamamni, yaani bafu la umma lililojengwa wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888: “Walinijia na vumbi, wakatoka wakinukia, leo sina hata tone.” Na kwa Darajani, kikundi kipewe fedha kidogo na maneno haya: “Maua yangu hukaushwa kabla hayajachanua, ninunue kiasi cha kiganja.” Mtoto atanusa kila kikapu mpaka afike kwenye karafuu, na mzee atahukumu kama ni kavu ya kutosha.

Baada ya kituo kupatikana, kazi zigawanywe kwa macho na kumbukumbu za kila rika. Chukua mfano wa mlango mmoja wa nakshi ulio kando ya njia ya wazi. Mtoto, ambaye macho yake yako chini, anatafuta samaki na mawimbi kwenye sehemu ya chini ya miimo, kisha anahesabu misumari ya shaba katika safu moja. Kijana anachora nakshi ya mfaa, yaani ule mti wa katikati. Mtu mzima anatazama juu na kusema kama kichwa cha mlango kimenyooka, kama ilivyo desturi ya milango ya Kiarabu ya zamani, au kimepinda mfano wa tao, ambapo athari ya India huonekana. Mzee anaeleza nani walikuwa wakikaa kwenye baraza za namna ile na nini kilizungumzwa. Kikundi kinachokosa hata jibu moja kati ya hayo manne hakijakamilisha kituo. Utaona kijana aliyekuwa akitaka kukimbia analazimika kusimama amsikilize babu, na mara nyingi hukaa muda mrefu kuliko alivyohitajika.

Beit el-Ajaib, jumba la kale la kisultani linalotazamana na Forodhani, ichezwe kwa mbali. Jengo hilo la mwaka 1883 lilianguka sehemu mnamo Desemba 2020, na hakuna mtoto wa kupelekwa karibu na kuta zake kwa ajili ya mchezo. Kikundi kisimame Forodhani, na mzee aliyewahi kuingia wakati lilipokuwa makumbusho asimulie alichokiona ndani, kijana aandike.

Kuhusu Mkunazini, ambako kanisa la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, msimamo wangu hauna masharti: usipafanye kituo cha alama. Mahali ambapo watu waliuzwa si pa kushindania. Wapelekeni watoto siku nyingine, kwa utulivu, pamoja na mtu anayejua kuwaeleza.

Hatua ya nne: alama na muda

Toa alama kumi kwa kila kituo kilichokamilika na tano zaidi kwa simulizi lililoandikwa vizuri. Kila kituo kiwe na bahasha ya msaada. Anayeifungua anapoteza alama mbili. Weka muda wa saa mbili kwa vituo sita au saba, na usitoe alama hata moja kwa kufika mapema. Kasi ikilipwa, mtoto wa miaka sita ataburutwa mkono mji mzima na mzee ataachwa nyuma.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Vikundi vianze kwenye vituo tofauti ili visirundikane kichochoroni. Kila mtu mzima awe na namba ya simu ya mwandaaji, na kila mtoto awe na kikaratasi chenye namba hiyo mfukoni. Mwishoni kutaneni Forodhani, kila kikundi kisome simulizi moja, kisha wote wapate zawadi ya kula.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, assalaam aleikum. Watoto wangu wana miaka minne na sita, hawajui kusoma. Si watakaa tu wakiwatazama wakubwa?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Wape kadi za picha. Piga picha ya kipande kidogo cha kitu, kwa mfano msumari mmoja wa shaba au kona ya roshani ya Zahanati ya Kale, uichapishe kubwa, na kazi yao iwe kutafuta kipande hicho kilipo. Kadi hiyo abebe mtoto mwenyewe, na mkubwa asiruhusiwe kuishika.

Swali: Shikamoo. Vijana wetu huwa wanatangulia mbio na kuwaacha wengine. Tuwakanye vipi?

Jibu: Marahaba. Kukanya hakusaidii sana. Pangeni mchezo uwazuie wenyewe. Msimamizi wa kituo asigonge muhuri mpaka kikundi kizima kiwe mbele yake. Tena, kikateni kitendawili vipande na kila mtu abebe chake, ili aliyetangulia afike akiwa na kipande kimoja tu cha maneno.

Swali: Mama yangu anatembea kwa mkongojo na vichochoro vimejaa mawe. Namwachaje nyumbani na yeye ndiye anayeujua mji?

Jibu: Usimwache, mfanye kituo. Mtafutieni baraza yenye kivuli au benchi la Forodhani, awe na maji na mjukuu mmoja wa kumhudumia, na vikundi vyote vipite kwake. Yeye ndiye atakayetega kitendawili cha mwisho, na jibu lisipatikane penginepo isipokuwa kinywani mwake.

Swali: Sisi tunaishi Maskati na huja Unguja wakati wa likizo. Wanangu wanaelewa Kiswahili kidogo tu. Niwaandikie vidokezo kwa Kiarabu?

Jibu: Waandikie kwa Kiswahili, kaka, lakini kifupi, na katika kila kidokezo weka neno moja ambalo hawalijui na bibi yao analijua: kizingiti, ukili, mbarika. Watalazimika kumuuliza. Kanuni za mchezo na za usalama tu ndizo uziandike kwa lugha wanayoielewa barabara.

Swali: Shule yetu iko Morogoro na haina majengo ya kale. Somo hili linatufaa?

Jibu: Linafaa kabisa. Tumieni miti ya uwanjani, kisima, kengele na jiko la shule. Mtoto afuatishe umbo la jani la mwarobaini kwa penseli bila kulichuma, kijana apime mzunguko wa shina la mwembe kwa kamba, na mpishi au mlinzi aliyekaa shuleni kwa muda mrefu aulizwe nani aliupanda. Muombeni ruhusa wiki moja kabla, ili naye apate nafasi ya kukumbuka.